Mama Perez Aloo na Filamu ya Shilingi Elfu Mbili Mia Sita

Bwana asifiwe. Wazee wetu, wachungaji, wakwe, majirani na nyinyi nyote mliofika hapa Mamboleo leo Jumamosi, tarehe 21 Juni 2025, jina langu ni Rachael, kifungua mimba wa marehemu, na nimetumwa na familia niwasomee maisha yake. Kamati ya mazishi ilinipa ukurasa mmoja na kunishauri niruke mambo ya filamu, nimewasikia kwa heshima, na sitayaruka, kwa sababu ukimwondolea mama yangu filamu utakuwa unamzika mtu mwingine.

Mama Perez Aloo alizaliwa tarehe 9 Machi 1953 huko Dunga, binti wa pili wa mvuvi na muuza omena, wale dagaa wa ziwani, akasoma hadi darasa la saba mwaka 1968, karo ya sekondari ikaenda kwa kaka zake, jambo ambalo hakulisamehe wala hakulificha. Januari 1971 aliajiriwa kufagia studio moja ya picha mjini Kisumu, akawa anafagia polepole sana karibu na chumba cha giza, na mwenye studio alipokuja kushtuka, mfagiaji wake anaosha filamu vizuri kumshinda. Tarehe 4 Februari 1974 alifungua studio yake Obunga, chumba kimoja cha mabati, akiwa na kamera kuukuu aliyosaidiwa kununua na nyanya yetu kwa faida ya omena, pamoja na filamu moja ya picha nyeusi na nyeupe, bei shilingi kumi na moja. Tarehe hiyo nina hakika nayo, kwa kuwa Mama hakutunza vyeti, alitunza maboksi ya filamu, na juu ya kila boksi aliandika siku aliyolinunua na bei yake, kwa hiyo mengi mnayoyasikia hapa nimeyasoma kwenye maboksi.

Mteja wake wa kwanza alikuwa kijana wa miaka kumi na minane aliyekuwa anatafuta kazi, akitaka picha nzima, miguu na yote, amevaa viatu vya kaka yake vilivyojazwa karatasi vidoleni. Kaka huyo, marehemu baba yetu Opondo, aliyekuwa mfanyakazi wa reli, alikuja kesho yake kuchukua picha, akarudi keshokutwa bila sababu yoyote, na tarehe 20 Desemba 1975 wakafunga ndoa kanisani, wakajaliwa watoto watatu, mimi, Frankline na Atieno. Yule kijana wa viatu ni Baba mdogo Robinson, ambaye ndiye mweka hazina wa kamati yetu na ameketi pale mbele.

Mwishoni mwa miaka ya sabini, wanawake walipoanza kuandikishwa vitambulisho, walimiminika kwa Mama kwa sababu aliweza kuwatengenezea kola na vitambaa kwa mkono wake bila mume wa mtu kununa, na filamu wakati huo ilikuwa shilingi ishirini na nane. Mwaka 1993 shilingi yetu ilipoanguka, filamu ilifika mia mbili na kumi, wapiga picha wenzake wakahamia rangi na kumcheka, naye akawaacha wacheke, na leo albamu zao za harusi zimekuwa nyekundu tupu, hujui bibi harusi ni yupi na keki ni ipi. Mwaka 2008 ilikuwa mia nne na hamsini, duka la mwisho mjini likaacha kuileta, ikawa inaagizwa Nairobi na kuja kwa basi, na kufikia 2019, kila mtu akiwa na simu yake mfukoni, ilikuwa elfu moja na mia moja. Mlimwita mkaidi, na alikuwa mkaidi kweli. Alikuwa akisema simu ikitumbukia ziwani, wafu waliomo wanakufa mara ya pili, na baadhi yenu mnalijua hilo, maana mlipofiwa mlikuja kwake mkilia kwamba baba hana picha, akawatolea baba yenu kwenye negativu ya mwaka 1986, akiwa anacheka.

Novemba 2024 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho, akalazwa, na Februari mwaka huu madaktari walituambia ukweli, kwamba dawa zilizobaki ni za kupunguza maumivu tu, akaomba arudi nyumbani. Sasa nafika pale nilipoombwa nisifike. Imesemwa kwenye vikao, tena kwa sauti, kwamba pesa za mchango wa dawa zilinunua filamu. Ni kweli. Machi 17 Mama aliniambia nitoe shilingi elfu mbili na mia sita kwenye pesa za dawa, nami nilizitoa kwa mkono wangu, na wiki nzima alivumilia kwa vidonge vya dukani, akiuma shuka, akikataa nirudishe filamu. Anayetaka kumlaumu mtu anilaumu mimi, nipo, na ningeambiwa tena leo ningezitoa tena.

Aliitumia hivi. Kila aliyekuja kumjulia hali alipigwa picha moja, Mama akiwa kitandani, Frankline amemshikilia viwiko, na jina likaandikwa kwenye daftari, kuanzia namba moja, jirani yetu Mama Agneta, hadi Masinde wa kutuletea maji, ambaye alikataa kupigwa picha mpaka anawe uso. Picha thelathini na tano. Filamu ina thelathini na sita. Alituaga tarehe 6 Juni, Ijumaa, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kumdanganya, majirani waliopika na kufua, wapiga picha wa Kisumu waliokuja na kamera zao za kisasa wakavua kofia, na kamati pia, pamoja na tofauti zetu.

Limebaki jambo moja. Kwenye daftari, namba thelathini na sita, Mama aliandika jina mapema, kabla mwenyewe hajafika, na kila tulipomsihi aimalize filamu alisema ameahidi kuja Jumapili. Jina hilo ni Robinson. Baba mdogo, hatukuiti kukuaibisha, ulikuwa picha yake ya kwanza kwa filamu ya shilingi kumi na moja, na alitaka uwe ya mwisho. Kamera anayo Frankline. Njoo usimame kando ya jeneza, na viatu vyovyote vitafaa.

Mama, pumzika kwa amani, namba thelathini na sita hatukumpa mtu mwingine.