Kaburi la Ng'ambo

Muuguzi alikuwa anarudi kutoka zamu, kakaa zake kwenye benchi la kivuko, akajikuta anasikiliza mazungumzo yasiyomhusu.

“Kaka, hebu nieleweshe,” fundi cherehani alimwambia mwashi aliyeketi karibu naye. “Baba tulimzika upande wetu. Leo siruhusiwi kupalilia kaburi lake bila pasipoti!”

“Dada, mpaka wa nchi hizi mbili unafuata mkondo wa mto huu. Zile mvua kubwa, mto ukahamia kwenu, kaburi likabaki ng'ambo. Mzee sasa yuko nchi jirani.”

“Lakini yeye hajahama!”

“Hajahama. Mto ndio umehama.”

“Basi waurudishe!”

Mwashi alijikuna kichwa. Muuguzi naye alijaribu kupanga nani kavuka na nani kabaki, akashindwa.

“Na mama yuko hoi,” fundi alisema, sauti ikimshuka. “Anataka alazwe ubavuni kwa mumewe. Maiti nayo itadaiwa pasipoti?”

Kivuko kiligota gatini. Askari wa mpaka alimsimamisha fundi mlangoni pa gati: “Mama, wewe ni mgeni huku?”

Fundi aligeuka kumtazama mwashi. Mwashi akamtazama muuguzi.