Kura ya Pili ya Marehemu Ardith Hofstad

Marehemu Ardith Leona Hofstad alizaliwa tarehe 9 Machi 1941 katika shamba la wazazi wake, Emil na Clara Roesler, kitongoji cha Lindal, Dakota Kusini. Alisoma shule ya darasa moja ya Lindal, kisha sekondari mjini Harmon, alikohitimu mwaka 1959. Tarehe 16 Juni 1962 alifunga ndoa na Verlyn Hofstad, mkulima wa mahindi, wakajaliwa watoto wawili.

Pamoja na kazi za shamba, kwa miaka thelathini na minne marehemu alisimamia kituo cha kupigia kura katika ukumbi wa kitongoji. Alikuja na kuchen, keki ya Kijerumani, na birika la kahawa, na hakumpendelea mtu. Mwaka 1986 Verlyn alitoka kuvuna akafika dakika moja baada ya saa moja jioni, mlango umeshafungwa.

"Ardith, fungua, ni mimi!"

"Najua ni wewe. Nenda nyumbani, chakula kiko jikoni."

"Mke gani wewe!"

"Mkeo yuko kazini. Atarudi akimaliza kuhesabu."

Novemba 2000 watu hamsini na wanane walipiga kura Lindal. Gazeti la wilaya lilichapisha matokeo ya kila kituo: hamsini na saba kwa chama kimoja, moja kwa kingine. Asubuhi moja siku chache baadaye, jirani mmoja aliingia jikoni kwa marehemu bila kubisha, akakaa bila kuvua koti.

"Ardith, watanijua?"

"Hawatakujua. Kunywa kahawa."

"Kule kwenye ghala la nafaka wanataja majina mmoja mmoja, wanacheka. Jana walifika kwangu wakaruka. Kesho je?"

Marehemu alimwongezea kahawa.

Majina yaliishia kwa mwalimu Dale Fessler. Januari madirisha yake yalivunjwa. Februari mbwa wake alikutwa amekufa kwa sumu. Marehemu alijua kwamba kura ile haikuwa ya mwalimu, lakini kumtetea kungewarudisha watu kwenye majina yaliyobaki. Alinyamaza. Fessler alihama mwezi Mei, na marehemu hakuwahi kujisamehe ukimya ule. Alianza kufunga milango kwa komeo, jambo ambalo nyumba ile haikulizoea.

Wengine nao waliogopa kwa namna yao: waliacha kuja kupiga kura. Mwaka 2004 walikuja arobaini na tisa tu, na kadiri walivyopungua ndivyo kila mmoja alivyozidi kuonekana. Siku hiyo marehemu, mwanachama mwaminifu wa chama cha wengi tangu ujana wake, aliingia kwenye kituturi cha kupigia kura, akatazama nyuma mara mbili, akakipigia kile kingine.

Gazeti likaandika: mbili.

"Wameongezeka!" walisema ghalani. "Nani tena? Wewe?"

"Mimi? Wewe mwenyewe je?"

Wakaanza kutazamana wao kwa wao, na mchezo wa majina ukafa. Marehemu alifanya hivyo kila uchaguzi, na kila mara kwa hofu ileile. Hata Verlyn, aliyefariki mwaka 2015, hakuambiwa.

Agosti 2022 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Novemba alipiga kura kwa posta, akiwa kitandani. Wapiga kura walikuwa thelathini na mmoja. Februari alituita sisi familia yake, akatusimulia yote, akamshika binti yake mkono kwa nguvu.

"Nikifa itabaki moja," alisema. "Watu wataanza tena. Someni haya siku ya mazishi, wote watakuwepo, wasikie walichomfanyia mwalimu asiye na hatia."

Alifariki Jumamosi tarehe 4 Machi 2023, saa nne asubuhi, nyumbani kwake.

Ameacha binti, Marlys, mwana, Curtis, wajukuu watatu, na jirani mmoja ambaye hakututajia jina, nasi hatukuuliza. Mjukuu wake mkubwa, Kirsten, amehamia katika nyumba yake na amejiandikisha kupiga kura Lindal. Atakayempigia hatamwambia mtu.

Apumzike sasa, bibi yetu. Hofu yake tumeipokea sisi.