Tejo Hajibu

Kahawa ya Bu Giyem, mama mwenye kibanda nyuma ya ofisi pale Surabaya, haichujwi. Unasubiri machicha yatulie, na yakikawia unapata muda wa kubishana. Waandika programu za pampu za mafuriko walikuwa na benchi lao hapo, na siku hiyo wingu lilikuwa limenuna. Seno, mmoja wao, alikuwa amenuna kulizidi. Bosi alikuwa ameagiza programu yote ipangwe kwa mtindo mmoja na maelezo ya pembeni, yale anayosoma mtu na si mashine, yafutwe, na wa kufuta alikuwa yeye, mara tu akimaliza glasi yake. Maelezo karibu yote yalikuwa ya Tejo, mwenzao waliyemzika mwezi wa mfungo. Hakuna aliyekuwa akimtaja. Walikuwa wanabishania mabano, yale yanayofungua na kufunga kila fungu la programu.

— Bano la kufungulia likae mstari wake, peke yake, kama bwana, alisema Gundul, mwenye kipara. Kulibana mwisho wa mstari ni uchoyo.

— Kwani mistari inauzwa? alidakia Kanjeng, aliyepewa jina hilo la kifalme kwa maringo yake. Na wewe unayepiga nafasi nne tupu kila mwanzo wa mstari, kwa mkono, moja moja, huchoki?

— Haba na haba hujaza kibaba.

— Ndiyo, unajaza! Nafasi tupu zina uzito, Mas, kaka yangu. Mashine inalemewa, pampu zinachelewa. Mafuriko ya mwaka jana nani kayaleta? Kidole gumba chako!

— Loo! Na mkeo kurudi kwao, nimemrudisha mimi?

— Mabano yako hayo. Nilikuwa nayaota, napiga kelele usiku.

Gundul alicheka mpaka akapaliwa. Seno hakucheka.

— Na maelezo? aliuliza.

— Maelezo ni aibu, alisema Kanjeng. Programu nzuri haijielezi. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

— Tejo alieleza kila kitu.

Gundul akakoroga kahawa yake iliyokwisha kutulia, ikachafuka tena.

— Alieleza mpaka njaa yake, alisema mwishowe. “Mstari huu nimeuandika sijala, msiuamini.”

Wakacheka kidogo, kisha kicheko kikawaishia mdomoni.

Ndipo akaja Ratri, msichana aliyeajiriwa wiki mbili nyuma, glasi mkononi.

— Samahani, Mas. Pale programu inapofungua lango la kuzuilia maji ya mto, inasubiri kwanza. Kuna maelezo ya Mas Tejo: “Msiuguse mstari huu. Mkitaka kujua sababu, niulizeni.” Nimemwandikia swali hapo chini, mpaka leo hajibu. Nimemkosea?

Kanjeng alimtazama Gundul. Gundul alitazama machicha.

— Hukumkosea, mdogo wangu, alisema Seno. Tejo amefariki.

Ratri akaziba mdomo. Akakaa ncha ya benchi, akaomba dua kimoyomoyo. Kisha akauliza kwa upole:

— Sasa, linasubiri nini lile lango?

Seno aliona aibu: miaka yote walimbishia Tejo nafasi na mabano, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwuliza lango linasubiri nini.

Mvua ikaanza kupiga mabati.

— Utayafuta maelezo yake, Mas? aliuliza Kanjeng.

— Nimeagizwa, alisema Seno. Glasi yake ilikuwa tupu, wala hakuinuka.