Bwana Mizani na Ubeti wa Fundi Baiskeli

Ndugu waombolezaji, majirani, na ninyi nyote mliowahi kusimamishwa mbele ya ubao wake, familia inawasomea kwa ufupi historia ya mpendwa wetu, ingawa ufupi wenyewe asingeukubali.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Julai 1944 hapa kijijini, akiwa mtoto wa nne wa seremala, akaanza darasa la kwanza mwaka 1952, na kuhitimu chuo cha ualimu mwaka 1964, ambako hesabu zilimpiga chenga, lakini ushairi wa vina na mizani ulimkaa kichwani kana kwamba alizaliwa nao.

Tarehe 11 Januari 1965 aliripoti katika shule yetu ya msingi, akafundisha katika chumba kilekile chenye dirisha lisilofungika hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2004, na miaka yote hiyo wanafunzi walimwita Bwana Mizani, kwa sauti ya chini na baada ya kuchungulia nje, maana aliyepunguza silabi moja alirudia ubeti mzima akiwa wima mpaka wenzake wakamwonea huruma, na baadaye wakamchukia. Hakumpiga mtu, alinyamaza tu na kumtazama, na wengi wangechagua fimbo.

Tarehe 17 Desemba 1970 alifunga ndoa na mama yetu, fundi cherehani, aliyemposa kwa beti saba, naye akajibu kwamba amekubali, ila asimghanie tena cherehani ikiwa inazunguka. Walijaliwa watoto watatu, mwaka 1972, 1975 na 1981, tukalelewa kwa upendo na kwa masharti, kwani aliyetaka viatu vipya aliviomba kwa ubeti wenye vina, na ndiyo sababu kitindamimba, anayewasomea hapa, alimaliza darasa la tatu kidole gumba kikiota jua.

Tarehe 9 Februari 2023 kiharusi kilimlaza na kumnyima sauti, daktari akatueleza kwamba ulimi ungeweza kurudi iwapo angejitahidi kusema, lakini yeye aligeukia ukutani, na mama akaingiwa na hofu kwamba mumewe ataondoka bila kumwambia hata neno moja. Tuliwaita wanafunzi wake hodari, wakamghania mashairi safi, naye akalala fofofo. Ndipo akaja fundi baiskeli, aliyefeli ushairi tangu darasa la nne hadi la saba, mikono imejaa grisi, akasimama miguuni pa kitanda, akasoma ubeti wa kutunga mwenyewe, uliochechemea kila mstari, na marehemu akageuka, uso umekunjamana, akatamka neno la kwanza tangu augue, kwamba arudie.

Kuanzia siku hiyo watunzi wazuri walizuiwa mlangoni, wabovu wakakaribishwa kwa chai, na kadiri walivyozidi kuboronga ndivyo ulimi wake ulivyozidi kufunguka, mpaka mchana mmoja akamwita mama kwa jina lake, mama akalia kwa furaha, kisha akamwambia mumewe sasa anyamaze apumzike.

Asubuhi ya tarehe 21 Agosti fundi alirudi na ubeti wake uleule, ambao kwa kusahihishwa mno ulikuwa umenyooka, sisi tukamkonyeza auharibu kidogo, masikini, akashindwa. Marehemu alisikiliza hadi mwisho, akatafuta kosa, akalikosa, akamwambia aketi, na hiyo ndiyo sifa pekee aliyowahi kumpa mwanafunzi yeyote, kisha akafumba macho na hakuyafumbua tena.

Tunawashukuru daktari na wauguzi wa zahanati, majirani waliovumilia mashairi yale kupitia ukutani, walimu wenzake, na watunzi wabovu wote, maana bila ninyi mama asingeisikia tena sauti ya mumewe. Fundi baiskeli, aliyesimama kando ya jeneza tangu lilipofika, familia inamwomba aketi, ruhusa anayo.

Mwalimu, kazi umeimaliza, pumzika kwa amani.