Siku Mzee Emil Alipofaulu Mtihani

Benchi lenyewe liko nje ya duka la donati mjini Youngstown, ubavuni mwa duka la mashine za kufulia. Kila asubuhi hukaliwa na watu watatu wanaojua kila kitu isipokuwa kujaza fomu. Jaji alipata jina hilo kwa kuwa aliwahi kuitwa mahakamani kusikiliza kesi siku mbili, akasinzia zote mbili. Dokta aliuza chakula cha mbwa. Wa tatu ni Wendell, mstaafu wa posta, ambaye asubuhi moja alikuja na barua mkononi na uso wa mtu aliyefumaniwa. Baba yake, mzee Emil, alipata kiharusi mwaka jana, upande wa kulia haumtii tena. Wendell alikuwa amemwombea serikalini mhudumu wa kuja nyumbani, wa kulipwa na jimbo.

— Wamemkataa, alisema.

Jaji: Kwa kosa gani?

Wendell: Kosa la uzima. Eti anajimudu. Anaoga mwenyewe, anavaa mwenyewe.

Dokta: Emil huyu huyu? Nani kawadanganya?

Wendell: Yeye! Nesi wa kukagua kamuuliza, "Mzee, unaoga mwenyewe?" Akajibu, "Kila siku, binti, mpaka nyuma ya masikio."

Jaji: Na wewe ulikuwa wapi?

Wendell: Namkatia nesi keki.

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Wendell naye alicheka, maana angefanya nini?

Jaji: Sikiliza. Usimwogeshe wiki nzima. Nesi akija, harufu ndiyo itoe ushahidi.

Dokta: Acha zako, harufu inatoka dirishani. Wendell, wewe ndiye ulale kitandani, ujifanye baba.

Wendell: Nina miaka hamsini na tisa, bwana!

Dokta: Nimekuona asubuhi kabla hujachana nywele. Utapita.

Jaji: Au mhamie jimbo jingine. Nasikia kuna mahali pua ikikuwasha ukashindwa kuikuna, wanakuletea wahudumu wawili na mpishi.

Mama mmoja aliyekuwa amesimama karibu, kapu tupu la nguo mkononi, alikohoa.

— Samahani, kaka zangu, nangoja mashine imalize. Siku ile ya nesi, nani alimvalisha mzee?

Wendell: Mimi.

— Nani alimnyoa?

Wendell huyo huyo. Alikuwa ameamka alfajiri, akamwogesha mzee, akamnyoa, akamfunga tai, akamkalisha kitini na mito miwili ili asiegemee upande. Kile kiti cha choo kinachokaa kando ya kitanda alikificha bandani mwa gari.

— Sikutaka tuaibike, alisema kwa sauti ndogo.

— Basi nesi alikagua kazi yako, hakumkagua mzee. Mama yangu yeye alimwambia nesi kwamba anacheza dansi. Una siku thelathini za kukata rufaa, imeandikwa nyuma ya barua.

Wanaume watatu wakaitazama barua. Hakuna aliyekuwa ameigeuza.

Wendell alirudi nyumbani, akamkuta mzee anatazama ndege dirishani.

— Baba, nitakata rufaa. Wakija tena sema ukweli.

— Ukweli upi?

— Kwamba huwezi kuoga.

Mzee aliushika mkono wake mbovu kwa ule mzima.

— Na wewe, utawaambia umechoka?

Wendell alitaka kumjibu kwa mzaha, kama afanyavyo benchini. Badala yake akamrekebishia mito. Kusema kweli, neno hilo hakuwahi kumwambia mtu yeyote.

Nesi alirudi baada ya wiki tatu. Safari hii hapakuwa na keki wala tai. Alipouliza habari ya kuoga, mzee Emil hakutaja masikio.

— Ananiogesha mwanangu, alisema. Na maji yake huwa ya baridi.

Nesi akamgeukia Wendell:

— Na wewe unaendeleaje?

Alifungua kinywa aseme hajambo. Akaona baba yake amemkazia macho.

— Nimechoka, alisema.

Mhudumu alianza kazi Jumatatu moja. Siku hiyo Wendell alilala mpaka saa nne asubuhi. Alipofika benchini, Jaji na Dokta walikuwa wanabishana nani kati yao atatoa hotuba kwenye mazishi ya Wendell, maana hakuwahi kuchelewa.