Kilti Isiyo na Ukoo

Funga mlango huo, Ruari, upepo unaingia, kisha njoo ukae hapa karibu na dada yako, si kule dirishani. Na wewe Dolina, acha kukunja hiyo shuka kama mtu anayejitafutia kazi, kaa. Pumzi niliyobaki nayo sitaki kuimalizia katika kupaza sauti ili niwafikie watu wawili waliokaa pembe mbili za chumba. Nisikilizeni, wanangu, tena msinikatize.

Mambo ya mali ni mepesi, nayatoa njiani kwanza. Nyumba ni ya Ruari, kwa kuwa ndiye anayelala humu na kuziba paa lake. Kondoo na shamba la viazi la ufukweni ni vya Dolina. Mashua mpeni jirani yetu Calum, maana amekuwa akiiazima miaka yote hata amesahau kwamba si yake. Kitanda cha kufumia cha mama yangu kibaki pale kilipo, na atakayekiuza kwa watalii nitamtokea. Haya, hayo yamekwisha, wala hayakuwahi kuninyima usingizi. Kilichoninyima usingizi ni hii kilti mliyonifunika nayo miguu.

Tangu siku nilipoivaa kumwoa mama yenu, kisiwa kizima cha Harris kimenikodolea macho kiunoni. "Lachlan, hiyo miraba ni ya nani?" Mnajua kwetu mwanamume akivaa kilti, hii sketi yetu ya miraba, amevaa jina la ukoo wa baba yake, buluu inaishia wapi, kijani kinaanzia wapi, uzi mwekundu unapita wapi, mtu anakusoma kabla hujamsalimia. Mimi ni MacCuish, lakini ya kwangu haikusomeka. Moshi wa jiko na mvua vimeipiga hadi kijani na buluu vinafanana, na wekundu umekuwa kama kutu. Nilimwuliza mama, aliyeifuma na kuishona kwa mkono wake mwenyewe, akanipiga kibao cha mgongo akasema, "Inakutosha? Basi vaa." Akaenda kaburini na jibu lake. Nami nimeichungulia juani, nimeisugua kwa siki, nimebishana juu yake na kila mfumaji aliyepita hapa kunywa chai, na niwaambie kweli, nimefurahia kulitafuta jibu hilo kuliko mambo mengi niliyoyapata.

Kosa langu dogo lilikuwa kuwaambukiza nyinyi. Wewe, Ruari, ukaipeleka Inverness kwa yule bwana mjuzi wa miraba ya koo, akaitundika, akahesabu nyuzi kufuata kiuno, akakwambia ni MacCuish halisi, uzi mwekundu mmoja katikati ya kijani. Ukarudi kifua mbele. Dolina hukuridhika, ukavuka nayo hadi Scalpay kwa mfumaji wa huko, naye akailaza mezani, akahesabu kutoka pindo kwenda juu, akakwambia ni ya MacSween, watu wa mama yangu, bibi yenu Murdina, nyuzi nyekundu mbili. Kisha ikaja harusi ya Kirsty, mtoto wako, Dolina, na mbele ya wageni wanaotafuna nyama mkaanza.

"Baba amevaa nguo ya mamake, na hakuna ubaya," ulisema wewe Dolina.

"Mwanamume gani anavaa ukoo wa mamake? Unataka watu wamwite mtoto wa nje?"

"Muulize mjuzi wako kama miwani yake inaona!"

"Wewe umeolewa, ya ukoo wetu yanakuhusu nini?"

Hilo la mwisho, Ruari, nililisikia hadi kwenye mifupa. Tangu siku hiyo hamjala meza moja. Mnakuja kuniuguza kwa zamu kama walinzi, mmoja akiingia mwingine anachukua koti. Msiangalie sakafu, nitazameni mimi.

Sasa sikilizeni ajabu. Juzi Dolina ulinifunika kilti hii kwa haraka, ukaiweka upande, kiuno kikaelekea ukutani. Sijawahi kuiona hivyo maishani mwangu. Kilti huvaliwa au hutundikwa. Nikalala ubavu, jua likaingia kidogo, nikaona nyekundu mbili. Nikageuza shingo, nikaona nyekundu moja. Nikasema, hizi dawa za daktari zina pombe. Nikahesabu kwa ukucha, kwenda huku, kwenda kule, nikarudia, hadi nikacheka peke yangu na Calum akachungulia dirishani kuona kama nimerukwa na akili.

Miraba ya ukoo, kila mtu hapa anajua, ni ileile kwenda juu na ileile kwenda kando. Nyuzi zinazosimama na nyuzi zinazolala hufuata hesabu moja. Kwa hiyo anayeijua kazi huhesabu upande mmoja, akaacha, kwa kuwa upande wa pili haujawahi kumdanganya. Nami nilifanya hivyohivyo, mjinga mzee. Zinazosimama hapa ni za MacCuish. Zinazolala ni za MacSween. Wajuzi wenu wawili wote walisema kweli, na nyinyi mmenuniana bure.

Ndipo nikakumbuka. Baba yangu alizama nikiwa sijaanza kutembea, na mama akabaki mkwe katika nyumba ambayo haikumtaka. Nilikuwa nikicheza chini ya kitanda chake cha kufumia, na bibi yangu mzaa baba, Effie, akaingia na kapu la nyuzi zilizokwisha kutiwa rangi. "Mfumie mtoto kitambaa cha kwao, akikua awe nacho. Hapa hatuvai ya upande wa mama." Mama akasema, "Sawa, mama." Akazisimamisha nyuzi kama alivyoagizwa, akizihesabu kwa wimbo: nyekundu moja, kijani, nyekundu moja. Bibi akaja, akahesabu zilizosimama, akaridhika, akaenda zake kunywa chai. Mama akaanza kurusha uzi wa kulala, na wimbo ukabadilika: nyekundu mbili, kijani, nyekundu mbili. Nilidhani ameimba vibaya. Hakuimba vibaya. Alitii, na wakati huohuo akakataa, na mwenye kukataliwa hakujua hadi kufa kwake. Na kila hatua niliyotembea nimevaa hii, mama yangu alikuwa amenizunguka nami sijui. Nililia, wanangu. Nalia hata sasa, niacheni.

Nipe maji. Kidogo. Basi.

Msinizike nayo, udongo wetu una maji mno. Itundikeni juu ya kitanda cha kufumia, na mtoto yeyote wa nyumba zenu mbili atakayeoa aivae. Akiulizwa ni ya ukoo gani, aseme ni ya Murdina, ageuke, awaonyeshe pande zote mbili. Asitokee wa kusema upande mmoja ni wake. Ukizing'oa nyuzi zinazolala, unabaki na rundo la uzi mkononi.

Na siku ya kunishusha kaburini, ile kamba ya kichwani mwa jeneza, ambayo ni ya mwana wa kwanza, Ruari ataishika, na Dolina ataishika pamoja naye. Najua, najua, wanawake wetu huishia mlangoni, hawafiki kaburini. Mchungaji atakohoa. Mwacheni akohoe. Dada yako ataambatana nawe hadi shimoni, Ruari, na ndiyo radhi yangu kwako. Mpe mkono. Si hivyo, kama unamuuzia kondoo. Hivyo.

Mungu awalinde... mvua zenu ziwe nyepesi, meza yenu iwe moja... Kirsty asalimiwe... nimechoka sasa.

Dolina, igeuze kilti. Polepole. Umeiweka upande wa baba, na huyo sikupata kumjua. Igeuze... nizione zile mbili.