Kengele Kumi za Tsukioka

Kwenye treni ya Osaka, bondia Tsukioka alisimama, barakoa imemfunika hadi chini ya macho. Wazee wawili waliokaa mbele yake walikuwa wanamzika kwa maneno, kwa heshima zote, bila kumtambua.

"Jumapili Tsukioka anastaafu," alisema mwenye kofia. "Watampigia kengele kumi ulingoni, kama ilivyo kawaida ya kumuaga bondia."

"Kumi za nini? Yule miaka yote anaangushwa, refa akihesabu nane kashasimama. Kumi, ile ya kushindwa, hajawahi kuisikia!"

"Basi ataisikia sasa, tena akiwa wima."

"Na akiinua ngumi kwenye ya nane, kwamba bado anapigana, je?"

"Acha utani, bwana wee. Magoti yamekwisha yale."

Treni ikasimama, milango ikafunguka. Tsukioka akaanza kuhesabu kimoyomoyo. Alipofika nane, akashuka.